Majina Sitini na Moja

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Mtaa wa Mikoroshoni, Chanika ndani ndani huku, wanaoamini lile benchi lilishuka na mvua. Nililigonga mwenyewe kwa mbao za kitanda kibovu, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha ushonaji ili wateja wakae wakisubiri kupimwa. Wateja hawajawahi kulikalia. Wanaolikalia ni Wakili, Takwimu na Bila Breki, kila siku ya Mungu, kuanzia alasiri mpaka Fakihi muuza kahawa agonge vikombe kutangaza kwamba dele limekauka. Wakili ni Brightson, dereva wa bajaji. Aliitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi kuhusu kuku, na tangu siku hiyo sheria yote anaijua yeye. Takwimu ni Audax, mstaafu wa ghala la mbolea, hawezi kukuambia kuna mawingu bila kutaja asilimia. Bila Breki ni Talha, bodaboda, na jina lenyewe halihusu pikipiki, linahusu mdomo. Mie ni Mbwana, fundi cherehani. Sina jina la utani kwa sababu benchi ni langu.

Alhamisi ile kikombe cha kwanza hakijapoa, akapita Bi. Mwamvita. Kapu la mchicha mkono huu, mkono ule, mfuko wake wa plastiki angavu uliojaa karatasi. Huyu mama zamani alikuwaga mpiga chapa wa ofisi ya elimu. Walipopunguzwa kazi alirudi na ugonjwa mmoja: hawezi kuona uongo umeandikwa kwenye karatasi halafu akalala. Miaka kumi na sita sasa anapigania haki za watu wa mtaa huu, na hakuna aliyemtuma.

Bila Breki: Shikamoo Bi. Mwamvita!

Bi. Mwamvita: Marahaba wanangu. Mbwana, hujambo? Sina muda, nina vijiwe vingine vitatu. Mnajua ule uwanja wa zahanati wanataka kumpa mtu wa yadi ya malori.

Wakili: Tunajua mama. Jumamosi anaanza ukuta.

Bi. Mwamvita: Ataanza kama kesho tutashindwa. Kesho saa tatu asubuhi, wilayani, wanatusikiliza. Afisa ana muhtasari wa mkutano wa Machi, unasema wananchi sitini na mmoja walikaa, wakakubali uwanja utolewe. Majina yapo, namba za simu zipo, sahihi zipo. Mie nasema mkutano ule haukukaa. Nina wanawake kumi na wawili wa kusema hivyo, lakini majina yao hayamo. Afisa kaniambia wazi: anayeweza kuikana orodha ni aliyemo kwenye orodha. Nataka hata watatu tu.

Takwimu: Sie mkutano hatujahudhuria, mama. Mimi binafsi mahudhurio yangu ni asilimia sifuri.

Bi. Mwamvita: Haya. Kopi hii hapa. Mwenye macho asome.

Akaiweka juu ya cherehani yangu, akaniangalia kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, akaondoka. Nilinyoosha mkono niichukue.

Wakili: We Fundi! Usiiguse!

Mie: Kwa nini?

Wakili: Hiyo karatasi ya kesi. Ukiigusa tu, kisheria umeshapokea wito. Kesho usipotokea, wanakukamata wewe.

Mie: Nani kasema?

Wakili: Mie nimekaa mahakamani, Fundi. Wewe umekaa wapi?

Nikaivutia karibu kwa ncha ya mkasi, nikaukandamiza mkasi juu yake upepo usiichukue. Hivyo ndivyo karatasi ya watu sitini na mmoja ilivyokaa mbele ya watu wazima watano na asiisome hata mmoja.

Bila Breki: Hao sitini na mmoja nao! Unakaaje mtu mzima, unasaini uwanja wa zahanati upakiwe malori? Wajinga wa Mungu!

Takwimu: Tatizo ni elimu. Asilimia sabini na nne ya watu hawasomi wanachosaini.

Wakili: Wangekuwa na mtu kama mie pembeni, wasingesaini.

Fakihi: Kahawa?

Wakili: Tia. Lakini mie nina swali langu la muda mrefu. Huyu mama nani yuko nyuma yake? Mtu hajiamshi tu asubuhi akapigania uwanja usio wake.

Mie: Uwanja ni wake. Ni wako pia, we chizi nini?

Wakili: Nasikia ni wazungu. Wanamtumia maelekezo. Kwenye lile kapu, chini ya mchicha, kuna simu inayoongea na setilaiti moja kwa moja.

Mie: Kapu lile namnunuliaga mchicha kila siku. Chini ya mchicha kuna mchicha.

Bila Breki: Anautaka udiwani huyo. Mie nawaambia. Ataanza na diwani, mbunge, kisha mnamwona kwenye msafara wa magari yenye ving'ora, na sie anatupita kama hatujui, halafu...

Mie: Talha.

Bila Breki: Nini?

Mie: Mwaka ule ulipokamatwa na pikipiki yako, ukakaa mahabusu siku tatu bila kuambiwa kosa, nani alikutoa?

Hapo mdomo ulipata breki. Maana hadithi yenyewe Mikoroshoni nzima inaijua. Bi. Mwamvita alijifunga kanga yake, akaenda kituoni na chupa ya chai, akakaa pale kaunta. Kila saa anauliza kwa upole kabisa, "Afande, kosa lake nini?" Askari wa zamu anajibu jibu moja, wa zamu inayofuata anajibu lingine, na yeye anayaandika yote na saa yake. Siku ya pili wakachoka, wakamweka ndani na yeye. Mle ndani akaendelea kuuliza. Waliwatoa wote wawili alfajiri, na nasikia mkuu wa kituo ndiye aliyefungua mlango kwa mkono wake.

Bila Breki: Sijasema mbaya. Nimesema atakuwa diwani. Udiwani ni dhambi?

Takwimu: Tusibishane kwa hisia. Tuende na hesabu. Jumanne iliyopita saa nne kamili Bi. Mwamvita alionekana Kibamba, anawafundisha akina mama namna ya kuandika malalamiko. Shemeji yangu alikuwepo. Saa tano kasoro robo mie mwenyewe nimemwona hapa, anafunga mafungu ya mchicha. Kibamba na Chanika! Na foleni ya Morogoro Road! Haiwezekani kwa asilimia tisini na tisa.

Wakili: Kwa hiyo?

Takwimu: Wako wawili.

Bila Breki: Lahaula!

Takwimu: Pacha. Mmoja analala, mmoja anadai haki. Ndiyo maana hachoki.

Mie: Shemeji yako saa anaijua?

Takwimu: Ana saa ya ukutani, Fundi.

Fakihi akatua dele chini. Fakihi ni mtu wa pwani wa asili, haongeagi sana, na akiongea anaangalia kulia na kushoto kwanza.

Fakihi: Nyie wote mnazunguka. Lile ni jini.

Bila Breki: Nilijua! Nilijua tu!

Fakihi: Mwaka ule alikwenda Kimbiji siku saba. Kabla ya hapo alikuwa mama wa kawaida, anasalimia, anauza mboga. Aliporudi tu, akaanza kutaja vifungu. Kifungu cha ngapi, kifungu kidogo cha ngapi. Mtu wa kawaida anakaa na vifungu kichwani? Kule baharini kuna majini ya kila kazi, na kuna moja la sheria. Limempanda.

Wakili: Hilo jini lina leseni ya uwakili?

Mie: Fakihi, Kimbiji alikwenda kumzika dada yake, Somoe. Dada mtu alipofariki, shemeji zake wakawatoa watoto ndani ya nyumba hata tanga halijavunjwa. Alikaa kule siku saba anasoma sheria ya mirathi kwa kibatari, neno kwa neno, mpaka watoto wakarudi ndani kwao. Hakuna jini pale. Kuna mama aliyekasirika.

Mie huwa sipendi kumtetea mtu kijiweni, unaonekana umenunuliwa. Lakini siku ile walinichefua. Mwanamke yule kavunjiwa genge mara mbili. Mumewe alihama nyumba akisema yeye alioa mke, hakuoa baraza la mtaa, na kesho yake alfajiri mama yuko bombani na ndoo, kwa sababu kuna bwana alilitia kufuli bomba la umma na wanawake wakaliwekea kambi siku sita mpaka akafungua. Nani kati yetu alikwenda pale? Hakuna. Maji tunayaoga.

Mie: Takwimu, na wewe. Felicitas wako alipojifungua, mwalimu mkuu akakataa asirudi darasani na ruhusa ipo, nani alimshika mkono mpaka ofisini, na mtoto kambeba yeye mgongoni?

Takwimu akachungulia kikombe chake.

Takwimu: Alikuwa yeye. Mie nilikuwa na hasira, Fundi, nilikuwa siongei na binti. Sasa hivi anafundisha Temeke, darasa lina watoto themanini na tisa.

Wakili: Mie hajanisaidia kitu, kwa hiyo naongea kwa uhuru. Huo uwanja wenyewe hizo kelele zote za nini? Zahanati waliahidi tangu lini? Hata uwanja ukienda, tutaishi tu. Tumezoea.

Mie: Rudia.

Wakili: Nimesema tumezoea.

Mie: Brightson, wewe ndio unaniambia mie hivyo? Wewe?

Akatua kikombe. Mwaka juzi mama yangu alibanwa na kifua saa nane mchana. Hospitali ya karibu ni mwendo, na ile barabara yetu ikishanyeshewa mnaijua. Bajaji ilikuwa ya Brightson. Mie nilikaa mbele naye, nyuma Bi. Mwamvita kampakata mama kichwa. Hatukufika. Brightson aliisimamisha bajaji pale kwenye kilima, akashuka, akalia kuliko mie. Sasa leo anakunywa kahawa kwenye benchi langu, ananiambia amezoea!

Wakili: Nisamehe, Fundi. Nimeteleza.

Mie: Kunywa kahawa.

Ndipo akaja huyu dada. Mgeni kabisa, kahamia mwezi huu kwenye zile nyumba mpya za nyuma ya msikiti. Tumbo la miezi saba, gauni mkononi.

Dada: Habari za hapa, kaka zangu. Fundi ni yupi? Naitwa Tupokigwe. Naomba uniachie hili gauni pembeni, la kanisani, halipiti tena.

Mie: Karibu sista. Kaa hapo kidogo nitafute utepe. Nyie, mpisheni!

Wakapisha. Nawaambieni ukweli, ndiyo mara ya kwanza mteja wangu kulikalia lile benchi. Akakaa, akajipepea, akauona mkasi wangu juu ya karatasi. Akausogeza mkasi.

Wakili: Dada, usiiguse hiyo, ni wito wa...

Tupokigwe: Si ile orodha ya Bi. Mwamvita? Ninayo hata kwenye simu. Kesho nakwenda naye. Ila hii inasomeka vizuri zaidi.

Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama watu wa Mbeya wanavyosoma.

Tupokigwe: Moja, Talha Mwinshehe Kombo.

Bila Breki: Huyo mie. Yaani, jina kama langu.

Tupokigwe: Mbili, Brightson Elia.

Wakili: Brightsoni wako wengi mjini hapa.

Tupokigwe: Namba yake inaishia sifuri tisa nane.

Akabonyeza simu yake. Mfukoni mwa Wakili simu ikalia muziki wa singeli kwa nguvu zote, na yeye akaushika mfuko kama mtu aliyeumwa na siafu.

Tupokigwe: Tatu, Audax...

Takwimu: Inatosha, binti.

Tupokigwe: Kumbe mpo wote! Bi. Mwamvita atafurahi. Sasa mlisaini lini, na mkutano hamkukaa?

Tukatazamana. Halafu kila mtu kwa wakati wake ikamjia. Nikaiona ikimfikia Fakihi wa mwisho, dele mkononi.

Bila Breki: Vyandarua.

Tupokigwe: Nini?

Bila Breki: Machi. Karani wa mtaa alipita hapa na karatasi. Akasema andikeni majina, kuna vyandarua vya bure vinakuja, jina, namba, sahihi.

Tupokigwe: Juu ya karatasi palikuwa pameandikwa vyandarua?

Takwimu: Juu palikuwa peupe.

Na ndivyo tulivyo sie. Mkutano wa mtaa ukiitwa, tuna kazi, tuna kichwa kinauma, tuna mpira. Lakini orodha ikipita, ya kitu chochote, tunajiandika kwanza halafu tunauliza ni ya nini. Nimeshaona mtu kajiandika kwenye orodha ya wajawazito kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Wajinga wa Mungu sitini na mmoja tuliowacheka saa nzima walikuwa hapa hapa, wanakunywa kahawa.

Wakili: Hata vyandarua vyenyewe havikuja.

Fakihi: Mie nilijiandika na mke wangu. Na jirani.

Tupokigwe akaendelea na karatasi yake, hana habari na aibu zetu. Kidole chake kikashuka, kikasimama katikati.

Tupokigwe: Na huyu hapa. Ishirini na saba. Najat Abdulrahman. Hana namba ya simu, ila pembeni wameandika "mzee". Masikini. Safari ya asubuhi na umri wake! Mie kesho naweza kumpitia tukaongozana, nikamshika mkono. Anakaa nyumba ipi?

Brightson akanitazama mie.

Tupokigwe: Fundi, humjui? Bi. Najat. Anakaa nyumba ipi?

Najua mwandiko ule. Ni wangu. Karani alisema wazee wanapewa viwili viwili, nami nikaona jina la mama limekaa bure, si atanisamehe, nikaliandika chini ya langu. Nikamtilia na sahihi. Nikacheka, nakumbuka nilicheka, nikamwambia Fakihi mama atanisaidia hata akiwa kaburini. Mama yangu aliyefia kwenye kilima kwa kukosa zahanati, mie mwanawe nikamhudhurisha mkutano wa kuuza uwanja wa zahanati, kwa chandarua ambacho sikupewa. Niliishika meza ya cherehani. Brightson alikuwa analia wazi wazi, hata hafichi.

Fakihi akavigonga vikombe. Dele lilikuwa bado zito, mie nililiona, lakini aligonga.

Fakihi: Kahawa imekwisha. Nendeni majumbani kwenu mkatafute mashati.

Takwimu: Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuwe hapa. Mimi, Wakili, Bila Breki, Fakihi. Fundi?

Mie: Naja.

Takwimu: Asilimia mia, basi.

Wakili: Bajaji ni yangu na mafuta ni yangu. Dada Tupokigwe unakaa nyuma, kwa nafasi. Na hapo kilimani leo leo napitia kuiangalia njia.

Nilimwambia dada gauni lake atalikuta Jumamosi. Nikafunga kibanda jua bado lipo, nikateremka bondeni. Bi. Mwamvita alikuwa anamwagilia mchicha, keni mkononi, ule mfuko wa karatasi kautundika kwenye mti wa ua usilowe.

— Shikamoo dada.

— Marahaba Mbwana. Nguo yangu imeisha?

— Sijaja kwa nguo. Kesho tunakuja. Wa kijiweni wote.

— Alhamdulillahi. Watano, basi.

— Watano wanaokuja. Lakini pale ndani kuna jina...

Yeye akamwagilia tuta mpaka mwisho, keni ikaisha maji, akaiweka chini.

— Miaka kumi na minne unanipima nguo, Mbwana, vipimo vyangu unaviandika kwenye lile daftari lako mbele ya macho yangu. Mwandiko wako niliujua tangu Jumatatu.

— Mbona hukuniambia?

— Nimekuwekea juu ya cherehani yako. Ulitaka nikusomee?

Nilimwomba radhi. Nilimwomba yeye kwa sababu mama hayupo wa kuombwa, na ndiye aliyempakata. Akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake yenye udongo, mtu mzima mie na ndevu zangu.

— Kesho nikiitwa, nikamwambia, sijui nitasema nini.

— Utasema Bi. Najat hakuhudhuria mkutano. Watakuuliza kwa nini hakuhudhuria. Hapo usiinamishe kichwa, Mbwana. Hapo ndipo unawaambia alifia wapi, na alikuwa anapelekwa wapi.

Nikaichukua keni, nikaenda kisimani kuijaza. Yalikuwa yamebaki matuta manne.